Sumaku za Mapacha

Mtu ninayetaka kumsimulia hajafa, wala hajafanya jambo la kumtia gazetini. Yupo hapa hapa Kilosa, na ukishuka stesheni ukamuulizia fundi wa kusuka mota, utafikishwa bila kuzungushwa. Anaitwa Laurent Masunga. Majirani tunamwita Baba Kulwa, kwa jina la pacha wake wa kwanza. Mimi nikitaka kumchokoza namwita Mnyamwezi, kwa kuwa yeye ni Msukuma na hapendi kuchanganywa. Ruhusa ninayo. Babu zake walipita nchi hii kwa miguu wakipeleka mizigo pwani, sisi Wasagara tukawauzia maji na chakula, na tangu hapo ni watani. Naye hunijibu kwamba Wasagara tungekuwa na akili tungejenga mji wetu mlimani, tusingeuweka mtoni halafu kila masika tukashangaa maji yanaingia ndani.

Banda lake na meza yangu ya chai na chapati vinagusana. Kwa hiyo mengi nitakayoyasema nimeyaona kwa macho yangu, na mengine nimeyasikia kwa sababu Baba Kulwa akiwa kazini huongea peke yake kwa sauti.

Alifika Tindiga, kijiji cha huku kwetu Kilosa, akiwa kijana, akifuata ng'ombe wa baba yake kutoka Maswa. Ng'ombe walikuwa wengi, kisha wakawa wachache, kisha wakawa hadithi: ugonjwa ulichukua wake, ukame ukachukua wake, na kesi za kuingia mashamba ya watu zikamaliza waliosalia. Laurent akaona hana cha kuchunga. Akaenda Ruaha kwenye mashamba ya miwa, akajifunza kusuka mota kwa mzee mmoja aliyeitwa Oswald. Ilikuwa miaka ile milango ya nchi imefunguliwa. Sisi tuliokulia kwenye foleni ya duka la ushirika tukipimiwa sukari, ghafla tukaambiwa soko huria: leta utakacho, uza utakacho. Kila mwenye uwezo akanunua mashine ya kusaga, kila mashine ikaunguza mota, na mota zikaletwa kwa Laurent azisuke upya waya wa shaba. Soko huria lilimlisha, siwezi kulisingizia. Akaoa, akajenga hapa Kilosa, ng'ambo ya mto, akapata mapacha wa kike, Kulwa na Dotto.

Halafu soko hilohilo likaleta mota mpya za bei ya chee, na watu wakaacha kutengeneza. Ikiungua unatupa. Ndipo Baba Kulwa akaanza kuokota. Huchukua mota iliyokufa, akaifungua, akatoa kilicho hai ndani yake, beringi au waya au sumaku, akakitia katika nyingine. Mwenyewe huita kazi hiyo kuchinja. Hapo watu walipata la kusema, maana kwetu mnyama wa shughuli huchinjwa na Mwislamu ili asiwepo wa kukaa na njaa, na Laurent ni Mkatoliki wa kupiga magoti. Wateja wake Waislamu humuuliza, "Baba Kulwa, mota uliyochinja wewe, sisi tunaruhusiwa kuitumia?" Naye hujibu kwamba wasiwe na shaka, spana alishika shehe.

Sasa nimseme Dotto, kwa kuwa bila Dotto sina cha kusimulia.

Mapacha kwao Wasukuma hupewa sawa. Ukimpa mmoja gauni, mwenzake apate gauni, tena la rangi ileile. Ukimpa mmoja yai, la pili liwe limeshaiva. Si habari ya wivu wa watoto. Wanaona kwamba waliokuja pamoja ukiwabagua, mmoja atadhurika, na huwezi kujua ni yupi. Watoto walipokuwa wameanza kukimbia, Laurent alirudi kutoka Ruaha na ndala za Dotto tu. Dukani ilibaki jozi moja, naye aliwaza ya pili ataileta safari ijayo. Mwezi uleule Dotto alishikwa na homa. Alilala sana, na alipoamka, miguu haikuamka naye. Hospitali walimweleza ni ugonjwa gani, wakamwambia huwapata watoto wengi na si kosa la mtu. Lakini mama yake Laurent, bibi ambaye ndani ya nyumba hakusema ila Kisukuma, alitamka mbele ya watu waliokuja kutoa pole: "Ulimpa mmoja viatu, miguu imeondoka." Bibi tulimzika miaka mingi iliyopita. Maneno yake tulishindwa kuyazika.

Siku moja nilimuuliza Baba Kulwa kama anayaamini. Akasema yeye ni Mkristo. Nikamwambia sikuuliza dini yako, nimeuliza kama unaamini. Akaendelea kukwangua kutu.

Dotto alikua, akajifunza kushona kwa cherehani ya mkono, akawa mshonaji kweli. Kola anayoshona yeye unaifua mwaka mzima na bado imesimama. Shida ilikuwa kutoka nyumbani. Kutoka darajani kwenda sokoni pana mlima, si mrefu, lakini mkali. Alikuwa na baiskeli ya matairi matatu ya kuzungusha kwa mikono, na tambarare aliimudu. Mlimani mikono ilikataa. Kwa hiyo alibebwa. Alibebwa na mama yake, Marciana, mpaka mgongo wa Marciana ukaharibika, kisha wakambeba vijana wa bodaboda, mmojawapo mwanangu Samson. Walimnyanyua, wakamweka kwenye pikipiki, wakamfunga kwa kanga asidondoke. Aliniambia siku moja, "Mama, Samson hana kosa, ni kijana mwenye adabu. Ila mimi ni mtu mzima. Nimechoka kushikwashikwa na watu wenye haraka."

Hapa sokoni yupo mjane mmoja, Perpetua, mwenye baraza la vyerehani. Aliziona zile kola. Akamwambia Dotto aje ashone sare za shule, kiti chake atakiweka, sharti ni moja tu, afike kila asubuhi. "Nitakungoja mpaka msimu wa sare uanze," alisema. "Ukianza, mwanangu, siwezi kukaa na cherehani isiyo na mtu." Dotto hakuomba kingine duniani. Alitaka afike pale mwenyewe, bila mkono wa mtu mwilini mwake.

Bahati ilikuja kwa njia ya hasara ya wengine. Kampuni moja ilikuwa imeleta baiskeli za umeme, hapa Kilosa, na Ruaha, hadi Mikumi, ikizikodisha kwa vijana na wafanyakazi wa miwa. Tulizishangaa zinavyopita kimya. Mota yake huioni. Imefichwa katikati ya gurudumu la nyuma, duara la chuma kama sahani ya kulia wali. Ndani pana waya wa shaba uliosukwa, na kuuzunguka pana vipande vya sumaku vilivyobandikwa kwa gundi, vimepangana kama punje kwenye gunzi la hindi. Nguvu yote iko kwenye sumaku. Basi, kampuni ikafunga ofisi bila kuaga mtu. Ndiyo uhuru wa soko huo: aliyekuja kwa hiari yake huondoka kwa hiari yake, pamoja na spea zake. Masika yaliyofuata mto ukaingia mjini kama desturi, baiskeli zikalala kwenye tope, na maji yakapenya kwenye mota. Sumaku za aina ile zikinywa maji hushika kutu, zikavimba, zikapukutika kama biskuti iliyozama kwenye chai.

Baba Kulwa alizunguka nyumba kwa nyumba akiziomba. Wengine walimpa kwa furaha, maana zilikuwa zinawajazia ua. Alizichinja moja moja. Katika hii anapata sumaku chache zilizopona, katika ile hapati kitu, katika nyingine anapata beringi nzuri na waya umeoza. Kazi ya kutoa sumaku nzima bila kuivunja ni ya kumtoa mtu machozi. Zinang'ang'ania chuma, na ukizisogeza pamoja zinarukiana na kubana vidole. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa damu iliyovilia. Mwishowe alipata duara moja kamili la sumaku zenye nguvu. Akasuka waya mpya, akafunga gurudumu, akaliunganisha na betri.

Dotto alikuwepo bandani alasiri ile. Gurudumu lilizunguka bila kelele, upepo wake ukacheza na mtandio wake. Alilitazama mpaka likasimama.

"Linabeba?" akauliza.

"Linabeba."

"Hata mlima wa darajani?"

"Mlima wa darajani litaupanda huku unaimba," alisema baba yake.

Mimi niliondoka nikaenda nyuma ya banda nikalia, na sioni haya kusema. Nilifikiri kesho yake nitaliona limefungwa kwenye ile baiskeli ya matairi matatu. Kesho yake nilimkuta Baba Kulwa analifunga kwenye kiroba, analiweka juu ya rafu.

"Mbona unaliweka juu?" nikamuuliza.

"Bado la Kulwa."

Nilidhani ananitania. Kulwa ameolewa Mikumi na kijana aitwaye Makarius, anauza wali na maharage kwa watu wa malori pale barabarani. Kila siku anatembea kutoka kwake hadi kwenye kibanda akiwa na sufuria kichwani na ndoo mkononi, na hajawahi kulalamika hata mguu kuwasha. Nikamwambia, "Mnyamwezi wewe, Kulwa anataka gurudumu la umeme akafanyie nini, aoshee vyombo?" Hakucheka. Alisema akipata la pili atawapa wote siku moja.

Basi ikaanza kazi ya kutafuta sumaku za Kulwa. Hapa Kilosa zilikuwa zimekwisha. Alikwenda Ruaha akarudi na mota moja iliyojaa mchanga. Akasikia Mikumi zipo nyingi kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Nami nilikuwa na dada yangu mgonjwa kule, nikaenda naye.

Huyo mnunuzi, Thadeo, alitupokea vizuri, akampa Baba Kulwa shikamoo na mimi akanipa stuli. Zilikuwepo kweli. Zilikuwa zimepasuliwa kwa nyundo zote, waya wa shaba umechomolewa na kufungwa mafungu. Sumaku zilikuwa zimevunjika vipandevipande, zimejibandika kwenye pipa la chuma, zikalifunika pipa zima kama ukoko. Baba Kulwa alichuchumaa akaanza kuvuta kimoja kimoja. Kila alichokipata kilikuwa nusu, au robo, au chenga. Alitafuta huku akigeuza pipa, na sisi tukimtazama.

"Mzee, ungeniambia mapema," Thadeo alisema, na ulimwona kwamba ameumia. "Mimi nauza shaba tu. Hivyo vingine kwangu takataka. Chukua vyote, sitaki kitu."

Hakuna aliyemkosea. Laiti angekuwepo wa kulaumiwa, ningemlaumu nikapumua. Baba Kulwa alisema ahsante, akajifuta mikono, tukaenda kwa Kulwa.

Kulwa alitupakulia chakula, akakaa chini mbele ya baba yake. Alikuwa ameshaambiwa na mama yake kila kitu.

"Baba, mimi nina miguu."

"Najua."

"Basi mpe mwenzangu."

"Nitawapa."

"Mimi sitaki, baba. Sitaki kwa hiari yangu, mbele ya Mama Samson hapa."

"Hata yeye ndala hakuzitaka kwa hiari yake," alisema Laurent. "Nilimvalisha mimi."

Kulwa akafikiri, akaja na njia nyingine. Ni mwerevu yule mtoto. Akasema, "Sawa. Nipe mimi hilo moja, liwe langu. Halafu mimi ndiye nitampa Dotto. Si nina haki ya kumpa ndugu yangu kitu changu?"

Nilimwona Baba Kulwa anaitafuna hoja hiyo kwa muda mrefu, na kwa kweli nilianza kutabasamu. Kisha akatikisa kichwa. "Ukimpa, yeye anacho, wewe huna. Ni yaleyale." Kulwa akasimama akaenda kupakua wali wa wateja, na mgongo wake ulionyesha kwamba analia.

Tuliporudi, Perpetua alikuwa ameniachia ujumbe mezani kwangu. Vitambaa vya sare vimefika. Anampa Dotto nafasi ya mwisho, akishindwa yupo binti wa Magomeni ya hapa Kilosa anaomba kile kiti. Niliufikisha ujumbe kama ulivyo. Baba Kulwa aliusikiliza akiwa amesimama, akashusha kile kiroba kwenye rafu.

Nilifurahi kwa dakika chache. Kumbe alikuwa anataka kulifungua lile gurudumu.

Alitoa sumaku zote nzuri, akazipanga mezani, akazigawa mafungu mawili. Penye pengo akatia zile za kutu zilizobaki, zile alizokuwa amezikataa mwenyewe. Nzuri, mbovu, nzuri, mbovu, duara zima. Mimi si fundi, lakini nimekaa jirani na fundi, na yeye ndiye aliyewahi kunieleza kwamba sumaku za nguvu tofauti zikikaa mota moja zinapigana, mota inatetemeka, inakula umeme mwingi, inapata joto, inaungua.

"Baba Kulwa," nikamwambia, na safari hii sikumtania. "Hizi zitaupanda mlima?"

"Sijui."

"Unajua."

Aliweka gundi chini. "Najua, Mama Samson. Unataka nifanye nini? Nimpe mmoja tena?"

Nilikuwa na hasira, tena nyingi, lakini hasira si jibu. Nikarudi kugeuza chapati zangu.

Alifunga magurudumu mawili. Akaunda baiskeli ya pili ya matairi matatu kwa mabomba ya kuokota, akazipaka zote rangi ya bluu. Jumapili baada ya misa Kulwa alikuja kutoka Mikumi, Marciana akapika wali na kuku, na mapacha wakakalishwa kila mmoja kwenye kiti chake. Uwanjani kwao ni tambarare kama mkeka. Walizunguka mwembe, wakazunguka choo, wakafuatana hadi kisimani na kurudi. Kulwa, mwanamke mzima mwenye miguu yake, amekaa kwenye kiti cha kilema ili dada yake apate kukaa kwenye chake; na Dotto anacheka kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Baba yao alisimama mlangoni ameshika kofia kwa mikono miwili. Nilianza kujiambia labda mimi ndiye nisiyejua, labda fundi ni yeye.

Jumatatu asubuhi Dotto alivaa gauni la kitenge, akaweka mkasi wake na futikamba mapajani, akatoka. Alivuka daraja vizuri. Sisi wa juu tulikuwa tunatazama, mimi, Perpetua, na vijana wa bodaboda. Akauanza mlima. Alifika katikati. Gurudumu likaanza kutetemeka, likavuma kwa sauti nzito, likawa linakwenda polepole, na mwisho likasimama. Harufu ya waya unaoungua ilitufikia pale tulipo. Baiskeli ikaanza kurudi nyuma. Vijana walishuka mbio, Samson mbele, wakaishika, na mmoja kwa wema wake akamshika Dotto mabegani.

"Msinishike," Dotto alisema. Hakupiga kelele. "Shikeni baiskeli. Mimi msinishike."

Baba yake alikuwa nyuma yake, alimfuata kwa mbali tangu nyumbani. Akawaambia vijana waachie, akaweka mikono kwenye kiti, akaanza kusukuma. Walipita mbele yangu hakuna aliyesalimia.

Alilisuka upya lile gurudumu, likaungua tena pale pale. Akabadilisha, akatia waya mnene zaidi, likaishia chini kidogo ya pale. Baada ya hapo akaacha kujaribu. Kila asubuhi alimsukuma Dotto hadi kwa Perpetua, na jioni akamrudisha, akiishikilia baiskeli isiteleze mlimani. Katikati, banda lilifunguliwa au halikufunguliwa. Wenye pampu zao za kutengeneza wakazipeleka kwingine. Ule mlima kijana anaupanda kwa matusi. Yeye alikuwa na mvi kichwa kizima na kifua kilichovuta moshi wa vanishi ya kupaka waya wa mota tangu ujana wake. Akifika juu alikuwa anasimama ameshika goti, anakohoa, na Dotto anatazama mbele mpaka kikohozi kiishe.

Kulwa alirudi, safari hii na baiskeli yake ya bluu juu ya kipikapu cha mtu wa mchele. Aliishusha mlangoni mwa banda. "Baba, fungua hii. Toa zilizo nzuri, umtilie mwenzangu. Mimi nimeshapewa, nimeshaitumia, nimeshafurahi. Imetosha." Marciana alikuwepo, ameshika mgongo. Dotto alikuwepo, ameletwa makusudi. Baba Kulwa alichukua spana, akapiga goti mbele ya gurudumu la Kulwa, akaitia spana kwenye nati. Akakaa hivyo.

Dotto ndiye aliyesema. Sijawahi kumsikia akimwomba baba yake kitu tangu nimjue. "Baba, nipe za Kulwa."

"Nikikupa," alisema Laurent bila kuinua kichwa, "halafu ukapatwa na jambo?"

"Baba, nimekaa hapa tangu utotoni. Jambo gani limebaki?"

Tulingoja. Nilisikia redio ya kinyozi wa banda la pili inatangaza bei za mazao. Nati haikugeuka hata kidogo. Kisha akaitoa spana, akaifuta kwa kitambaa, akairudisha mahali pake ukutani. Hakumtazama mtu. Marciana akasema, "Mwacheni," na tukamwacha.

Kulwa alitaka waipeleke kwa siri kwa fundi wa Morogoro. Mimi niliunga mkono kwa nguvu zote, hata gari nilikuwa nimeshalipata. Dotto akakataa. Alisema, "Baba akijua, kila nikipiga chafya atakufa yeye." Kulwa akaondoka na baiskeli yake. Nasikia imekaa kibandani kwake, imefunikwa kwa nailoni, na Makarius hathubutu hata kuiegemea.

Wiki kadhaa baadaye nilikuwa kwa Perpetua kuchukua gauni langu. Dotto alikuwa amemaliza shati la mwisho la siku, amelikunja, akamwambia Perpetua kwa heshima zote kwamba kiti ampe yule binti wa Magomeni. Perpetua akashangaa, akasema mbona kazi yako ni nzuri, mbona msimu haujaisha. "Nakuomba," Dotto alisema. "Na baba akikuuliza, mwambie sare zimekwisha." Kisha akanigeukia. "Na wewe, mama, nakuomba." Nilitaka kumgombeza. Kwa dirisha nilimwona Baba Kulwa ameshafika kumchukua, amekaa kwenye ngazi, anapumua kwa mdomo. Nikaitikia.

Perpetua alimwambia hivyo. Baba Kulwa aliamini, au alitaka kuamini. Jioni ile nilishuka nao hadi ng'ambo, nikimbebea Dotto kikapu chake cha nyuzi. Njia nzima Baba Kulwa alikuwa na habari: Ruaha kuna mtu ana mota stoo, hazijaguswa na maji, hazijaguswa na nyundo, ataanza kwenda kesho, maana sasa ana nafasi. Kwa kuwa ni nyingi zitatosha maduara mawili kamili. "Yote mawili sawasawa," alisema, "na nitawapa siku moja."

"Sawa, baba," Dotto alisema.

Tukafika uwanjani. Marciana alitoka ndani akimlaki, akauliza mbona leo mapema. Dotto aliuweka mkasi wake kwenye kikapu nilichoshika mimi, akamnyooshea baba yake mikono miwili juu, abebwe.